Cha Bure Kina Foleni

Najua nimepotea. Kuna waliodhani nimeolewa kimyakimya, kuna waliodhani nimefulia, na kuna mmoja aliyeandika kwamba majuu yamenimeza. Hapana jamani, nipo. Nilikuwa mgonjwa, na hilo nitalifikia huko mbele. Kwa hiyo Mama, kama Dada anakusomea haya, mwambie asiruke mistari, nawe ukae chini kwanza. Nimeshapona.

Kilichonirudisha kwenye kompyuta ni ule ugomvi wa kwenye grupu la ukoo. Kwa wasiokuwemo: Mjomba alituma video ya hospitali moja ya hapa Uingereza, wazee wamelala kwenye korido, machela zimebanana kama daladala stendi, akaandika, "Nesi wetu, ndiyo Ulaya hiyo? Si afadhali sisi?" Baba Mdogo, ambaye kama mjuavyo ana duka lake la dawa na haoni jema linalotoka serikalini, akadakia kwamba mali ya wote ni mali ya hakuna, serikali haiwezi kuendesha hata kioski itaweza hospitali? Dada naye akamjia juu: hospitali ya serikali ndiyo iliyomzalisha watoto watatu, na hiyo binafsi anayoisifu Baba Mdogo ilimpiga picha nne za kifua kwa kikohozi. Basi ikawa moto. Siku tatu ujumbe unaingia, na kila mmoja anamalizia na "hebu nesi atuambie, yeye yuko jikoni."

Nesi akanyamaza. Leo nasema.

Nianze na siku zangu za mwanzo huku. Nilifika Januari 2021, baridi ile ya kuuma mpaka meno. Nilikuwa nimeshafaulu mtihani wa lugha na ule wa kwenye kompyuta, nikamalizia ule wa vitendo huku huku, ndipo wakaniandikisha kuwa muuguzi wao. Wodi yangu ya kwanza ilikuwa ya magonjwa ya moyo. Usiku mmoja akaletwa dereva wa lori, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, jasho linamtoka, kifua kimebana, rangi imemtoka. Mshipa wa moyo umeziba. Wakampeleka moja kwa moja kwenye chumba chao, wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono hadi kwenye moyo, wakazibua, wakaweka kijibomba cha kuushikilia mshipa usizibe tena. Kabla hapajakucha amerudi wodini anaomba chai.

Siku ya tatu akaruhusiwa. Nikampa dawa zake kwenye mfuko, nikamweleza namna ya kuzinywa, kisha nikabaki nimesimama. Nasubiri. Ninachosubiri sijui, ila mwili wangu wote ulijua kuna hatua imebaki. Mwisho nikamuuliza mwenzangu, Mfilipino mmoja mcheshi, "Dirisha la malipo liko wapi?" Akacheka hadi akashika ukuta. Hakuna dirisha. Yule bwana alivaa koti lake, akanishukuru, akaondoka. Moyo mzima umetengenezwa na hakuna aliyemuuliza hata jina la mwajiri wake.

Zamu ilipokwisha niliingia chooni nikalia. Siyo kwa furaha, msidhani. Nililia kwa sababu ya mtu mwingine.

Nyumbani nilifanya kazi miaka sita kwenye hospitali ya wilaya, sitaitaja. Mnakumbuka sera yetu: tangu 1993 tulipoanza kuchangia gharama, mama mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano hawatakiwi kulipa. Karatasi inasema bure. Lakini kabati ikiwa tupu, bure inakuwa neno tu. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, nilikuwa naandika vikaratasi: glovu jozi tatu, pamba, uzi wa kushonea, dripu mbili. Mume anakimbia navyo duka la dawa nje ya geti. (Baba Mdogo, usinune, sisemi ni la kwako.) Usiku mmoja alikuja mama wa uchungu kutoka mbali, kiongozi wa msafara ni mkwewe, bibi wa miaka sabini, na ana shilingi elfu nne zilizofungwa kwenye pindo la kanga. Sisi manesi wa zamu tulichangishana tukajaza zilizopungua. Akatumwa mlinzi na bodaboda, maana duka la karibu lilikuwa limefungwa. Aliporudi, mama tuliwahi. Mtoto hatukuwahi.

Yule dereva wa lori hakuhitaji pindo la kanga. Ndicho nilichokuwa nakililia mle chooni.

Sasa mjue mpango wao ulivyo, maana wengi wetu tunausikia juujuu. Unaitwa NHS, huduma ya afya ya taifa. Ulianza tarehe 5 Julai 1948, vita vimeisha juzi tu, nchi imechoka na bado sukari na nyama ni za mgao. Waziri wa afya aliyeusimamia alikuwa Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa wa Tredegar kule Wales, ambaye yeye mwenyewe aliingia mgodini akiwa na miaka 13. Na wazo hakulitoa hewani. Pale Tredegar wachimbaji walikuwa na chama chao cha matibabu: kila mmoja anakatwa kidogo kwenye mshahara, akiugua yeye au mkewe anatibiwa. Bevan akasema, kilichowezekana Tredegar kiwezekane nchi nzima. Mnaona? Ni ule ule mfuko wa kuchangishana tunaoujua sisi, ila mchangiaji ni kila mlipa kodi na mgonjwa ni yeyote.

Hata hiyo bure yao ilianza kumegwa mapema. Mwaka 1951 serikali ilipotaka watu walipie miwani na meno ya bandia, Bevan alijiuzulu uwaziri kwa hasira. Mwaka 1952 ikaja ada ya dawa ya daktari, shilingi moja ya kwao ya wakati ule. Hadi leo hapa England wengi wa watu wazima wenye kazi wanalipia dawa za kwenda nazo nyumbani, na mwaka 2024 ada ilifika paundi 9.90 kwa kila dawa. Watoto, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi na wengine wengi hawalipi. Wales waliifuta ada hiyo mwaka 2007, Ireland ya Kaskazini 2010, Scotland 2011. Nchi moja, malkia na mfalme mmoja, lakini dirishani wanatofautiana.

Na kwa wale wanaodhani bure ni bure: mimi kila mwezi nakatwa kodi na bima ya taifa kabla sijauona mshahara. Ndugu zetu wanaokuja kusoma wanalipishwa ada ya afya pamoja na visa. Ilianza paundi 200 kwa mwaka mwaka 2015, na mwaka 2024 ikafika paundi 1,035 kwa mtu mzima, mwanafunzi akipunguziwa. Sisi wa visa ya kazi za afya tumesamehewa hiyo. Kwa hiyo anayelipa yupo. Tofauti ni kwamba analipa akiwa mzima, si akiwa amelala kwenye machela huku mkwewe anafungua pindo.

Hapo Mjomba anasema, enhe, na ile video?

Ile video ni kweli, Mjomba. Nimeishi ndani yake. Mwaka 2022 nilihamia idara ya dharura, na Januari 2023 sitaisahau. Kulikuwa na bibi wa miaka 91, alianguka jikoni kwake, akalala kwenye machela ya korido saa kumi na tisa akisubiri kitanda cha wodi. Taa ya korido haizimwi. Watu wanapita na kahawa zao. Alipotaka kujisaidia, mimi nilimhudumia na mwenzangu akashika shuka kama pazia. Yule bibi akanishika mkono akaniambia samahani kwa kunisumbua. Yeye ndiye aliyeomba radhi! Amelipa kodi tangu NHS ni mtoto mchanga, leo anaomba radhi kwa kuomba beseni.

Walijiwekea sheria kwamba wagonjwa 95 katika kila 100 wanaofika dharura wawe wameshahudumiwa, ama kulazwa ama kuruhusiwa, ndani ya saa nne. Mara ya mwisho England kufikia hapo kwa mwezi mzima ilikuwa Julai 2015. Kwa matibabu yasiyo ya dharura lengo ni wiki 18 tangu daktari wa familia akuandikie barua. Hilo nalo halijafikiwa tangu 2016. Septemba 2023 foleni ilifika maombi milioni 7.7 hivi, maana wengine wanasubiri matibabu zaidi ya moja. Desemba 2022 wauguzi wakagoma, mgomo ambao chama chao kikubwa hakijawahi kuwa na mfano wake katika miaka yake zaidi ya mia moja. Miaka miwili kabla, 2020, watu walikuwa wanatoka milangoni kila Alhamisi usiku kuwapigia makofi. Makofi hayanunui mkate, mnajua.

Na yapo mabaya kuliko korido. Katikati ya England kuna mji unaitwa Stafford. Kati ya 2005 na 2009 wagonjwa wa hospitali ya pale waliteseka vibaya sana: wengine waliachwa kwenye uchafu wao, wengine maji ya kunywa wasiyafikie. Hospitali ya umma hiyo, si ya mfanyabiashara. Wakubwa wake walikuwa wanabana matumizi na kupunguza watumishi, wanakimbilia kupandishwa hadhi, na kwenye makaratasi kila kitu kilionekana safi. Aliyepiga kelele ni mama mmoja mwenye mgahawa, Julie Bailey, ambaye mama yake alifia humo mwaka 2007. Akakusanya wenzake waliofiwa, wakabandika picha, wakagonga milango, wakatukanwa. Mwisho ukafanyika uchunguzi wa hadhara chini ya wakili Robert Francis, na ripoti yake ya Februari 2013 ikatoa mapendekezo 290. Sisi wauguzi wageni tunafundishwa habari za Stafford hadi leo.

Kwa hiyo Baba Mdogo hajakosea moja kwa moja. Serikali inaweza kuua kwa uzembe kama mwingine yeyote. Lakini nenda naye taratibu. Hospitali nyingi za binafsi za huku hazina idara ya dharura. Zinafanya nyonga, magoti, macho, vitu vinavyopangika. Mgonjwa akiharibikiwa usiku, wanapiga simu gari la wagonjwa la umma, analetwa kwetu. Faida inabaki kule, hatari inakuja huku. Na nyumbani tumeshajaribu pande zote mbili, wakubwa mnakumbuka kuliko mimi: mwaka 1977 tulipiga marufuku matibabu binafsi ya kibiashara, mwaka 1991 tukayaruhusu tena. Marufuku haikuleta dawa kabatini, na ruhusa haikuleta daktari kijijini. Waliobaki kijijini miaka yote ni zahanati ya serikali na hospitali za misheni, ambazo nyingi zikawa hospitali teule za wilaya, serikali ikilipa mishahara. Tena kuna taasisi moja ya Marekani, Commonwealth Fund, inayolinganisha nchi tajiri. Mwaka 2014 na 2017 iliipa Uingereza nafasi ya kwanza, mwaka 2021 ikaishusha hadi ya nne. Na hata ilipokuwa ya kwanza, kwenye kipengele cha watu kuokolewa na vifo vinavyozuilika ilikuwa karibu na mkia. Yaani kila upande wa ugomvi wetu ungepata karatasi ya kushikilia.

Haya, sasa ndiyo nifike kwenye langu. Mama, umekaa?

Mwanzoni mwa 2024 nilianza kutokwa na damu nyingi kila mwezi. Kwanza nikasema uchovu, zamu za usiku. Baadaye nikawa napanda ngazi za nyumba nasimama katikati kama bibi. Siku moja kazini nikaanguka, mgonjwa wangu ndiye aliyenibonyezea kengele. Kupimwa, damu ni saba. (Huku wanaandika sabini, lakini umaskini wa damu ni ule ule.) Picha ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi, fibroidi, mkubwa kama chungwa na wengine wadogo. Wakanipa dripu ya madini ya chuma, vidonge, na daktari wa familia akaandika barua kwenda kwa bingwa. Bingwa akasema ni upasuaji wa kuondoa uvimbe na kukiacha kizazi, kwa sababu nilimwambia ukweli: nina miaka 36, sijazaa, na bado natamani.

Kisha ikaanza foleni. Wiki 18 zikapita. Wiki 30. Wiki 40. Huku natibu watu, na mimi mwenyewe nimevaa nguo mbili za ndani na suruali nyeusi nikiogopa kuchafuka mbele ya wagonjwa. Binamu yenu wa Dar (wewe unajijua) nilimdokezea, akanijibu mara moja: njoo, kuna hospitali binafsi, wiki mbili umeshatoka, lipa tu. Nikapiga hesabu. Nauli, upasuaji, kupumzika. Nilikuwa nazo. Nikafungua hadi ukurasa wa tiketi.

Kabla ya hapo nilifanya jambo ambalo naona aibu kuliandika. Wiki ya 44 nilikwenda ofisini kwa katibu wa yule bingwa. Nimevaa sare yangu, kitambulisho kinaning'inia. Mnaelewa nilichokwenda kufanya. Kwetu ni jambo la kawaida: unamjua mtu, mtu anakujua, faili linapanda juu. Hata ukimtibia mtoto wa mtu leo, kesho anakukumbuka. Nikamsalimia yule mama vizuri, nikamwambia mimi ni mwenzenu wa dharura. Akafungua kompyuta yake, akaniangalia kwa upole, akasema, "Nakuona. Walioko mbele yako wapo wanaotokwa na damu kuliko wewe." Basi. Hakunifokea. Akanipa namba ya kupiga hali ikizidi. Nilitoka pale nimenywea, nikatamani sare inivuke njiani.

Jioni ile nikampigia Shangazi. Kwa nini Shangazi? Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya na amekubali, kwa hiyo msimsumbue kwa maswali.

Wote tuliokulia kwake tunamkumbuka alivyokuwa analala mchana. Akifagia uwanja anakaa, akiteka maji anakaa. Na ule udongo aliokuwa anautafuna, ule wa mweupe wa sokoni, anaufunga kwenye kona ya leso. Tulimwita mvivu. Watoto tulimtungia na wimbo, Mungu atusamehe. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mwalimu akafundisha dalili za kupungukiwa damu: uchovu, moyo kwenda mbio, hamu ya kula udongo. Nikaacha kuandika. Nikamwona Shangazi pale ubaoni. Likizo nilipomuuliza akaniambia, kama anasimulia habari za mvua, kwamba alikuwa anatokwa na damu siku kumi na mbili kila mwezi kwa zaidi ya miaka tisa, tumbo likawa gumu upande mmoja, zahanati wakampa vidonge vya damu vilipokuwepo, wakamwambia aende hospitali ya mkoa. Hakwenda. Nauli, kitanda, damu ya kuchangia, mtu wa kumpikia... alihesabu akaacha. Umri ulipokwenda damu ikakoma yenyewe. Hakuzaa. Sisi ndio tukawa watoto wake, na shukrani yetu ilikuwa wimbo.

Basi nikamweleza yangu yote, foleni, wiki 44, nikilalamika kwamba wazungu hawa wananiua polepole. Akanisikiliza. Akakaa kimya hadi nikadhani salio limeisha. Kisha akauliza, "Wewe ulipata barua?" Nikamwambia ndiyo Shangazi, nimepata barua. Akasema, "Mimi sikuwahi kupata hata barua."

Jamani.

Nilizima ule ukurasa wa tiketi usiku ule. Siyo kwamba ningekosea kuja. Mtu akiwa na uwezo na anaumwa, atafute pona yake, sitamhukumu. Lakini nilielewa kitu ambacho ugomvi wetu wa grupu haukukigusa. Tunalinganisha foleni ya Uingereza na hospitali zetu, tunasema kwetu ukiwa na hela hakuna foleni. Foleni ipo. Shangazi alikaa kwenye foleni miaka tisa. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeiandika. Hakuna kompyuta iliyokuwa na jina lake, hakuna waziri aliyeulizwa bungeni kwa nini yeye bado, hakuna Mjomba aliyepata video yake, maana alikuwa amelala chini ya mwembe nyumbani kwake na sisi tunaimba. Wale mamilioni wa huku ni aibu ya nchi yao, na ni aibu kwa sababu wamehesabiwa. Wetu hawatii aibu yeyote.

Mwisho wangu ulikuwaje? Niliitwa wiki ya 57. Nikafunga tangu usiku, nikavaa gauni lao lile la mgongo wazi, saa nne asubuhi daktari akaja kuniambia hakuna kitanda cha kunilaza baadaye, turudi siku nyingine. Nikavua gauni nikarudi nyumbani kwa basi. Siku ile, Baba Mdogo, ungenikuta ningejiunga na chama chako. Wiki ya 61 nikaitwa tena, nikafanyiwa. Walitoa uvimbe sita. Kizazi kimebaki. Siku ya kutoka nesi kijana, mtoto wa juzi tu, akanipa mfuko wa dawa, akanieleza namna ya kunywa, na mimi nikasimama pale kidogo kwa mazoea... kisha nikavaa koti langu nikaondoka.

Kwa hiyo jibu la nesi ni hili. Swali la nani mwenye hospitali, serikali au mtu binafsi, ni swali la pili. Ya kwanza ni matatu. Mgonjwa analipa lini, akiwa mzima au akiwa anakufa? Nani anahesabu wanaosubiri? Na Julie Bailey wa pale kijijini akipiga kelele, atasikilizwa au atatishwa? Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mwaka 2023 bunge letu likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Karatasi nzuri zote. Lakini mimi nimeshaona karatasi inayosema bure na kabati tupu chini ya paa moja, kwa hiyo nitaangalia kabati kwanza.

Na msiseme nasahau boriti la kwangu. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Uingereza imejizuia kwenda kuwinda wauguzi huko. Mimi sikuwindwa. Niliomba mwenyewe. Mkopo wa bodi ulionisomesha ulitoka kwenye kodi yenu, na anayeshikiwa shuka kwenye korido usiku ni bibi wa Kiingereza. Deni la bodi nalilipa kila mwezi. Lile jingine sijui hata linalipwa dirisha gani.

Kwa sasa naweza hili dogo. Dada, mpeleke Shangazi hospitali ya mkoa apimwe damu na picha ya tumbo, hata kama anasema hana kitu. Nimetuma hela kwenye simu yako. Mwandikishe kliniki, jina lake liandikwe vizuri, lote, na kadi aishike mwenyewe. Binti zenu wanaolala mchana na kutafuna udongo msiwaite wavivu. Mjomba, video zako endelea kutuma. Baba Mdogo, glovu usizipandishe bei usiku.

Mama, nisamehe kwa kukuficha. Niliogopa utaacha kula. Kovu ni dogo, nitakuonyesha Desemba Mungu akipenda.

Wenu katika baridi,
Nesi wenu.